Shingo ya Mwanafunzi na Shingo ya Mwalimu

Wanachuo wengi wanapopewa kufundisha mada ya mifupa na viungo vya mwili hukimbilia kuchora. Ubao hujazwa fuvu, mbavu na mapaja, mishale huelekezwa huku na huku, na watoto huambiwa wanakili. Tumekaa nyuma ya madarasa ya namna hiyo mara nyingi wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule za Ngara na za Biharamulo, na aghalabu tumeona kwamba katika darasa zima hakuna mtoto hata mmoja aliyeambiwa ageuze kichwa chake mwenyewe. Katika makala haya tungependa kueleza jinsi shingo inavyoweza kuchunguzwa darasani na nyumbani bila ya vyombo vya gharama, na jinsi mwalimu anavyopaswa kufikiri anaposhauriwa kuipeleka shingo yake, au ya mtoto, kwa mtu wa kuinyoosha. Lakini hatuna budi kuanza kwa kusimulia kosa letu, kwa kuwa ndilo lililotufundisha.

Ilikuwa mwaka 1979, mwaka ambao mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina ukaitwa Kagera. Tulikuwa tumeingia kazini kwa mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ule wa UPE uliotokana na Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambamo vijana waliomaliza darasa la saba walijifunza ualimu huku wakiufanya. Shule yetu ilikuwa juu ya kilima wilayani Ngara. Anayeijua Ngara anajua maana yake: nyumba ziko mgongoni mwa vilima na maji yako bondeni. Kila asubuhi, kwa zamu, wanafunzi walishuka na kupanda na maji ya bustani ya shule, na pia, tuseme kweli, maji ya nyumba za walimu. Sisi tuliiita kazi hiyo Elimu ya Kujitegemea.

Katika darasa la tano alikuwamo msichana wa miaka 12 hivi. Kwa muda wa wiki kadhaa tuliona kwamba kila tulipomwita kutoka upande wa kushoto hakututazama. Aliendelea kukabili ubao, au aligeuka kiwiliwili kizima polepole, bega likitangulia, kama mtu anayefikiri kwanza kama mwitaji anastahili kuitikiwa. Tuliona ni dharau. Tulimwonya mara mbili mbele ya wenzake. Mara ya tatu tukamchapa viboko viwili mkononi. Alilia, na jambo tulilopaswa kuliona wakati ule tukalikumbuka baadaye tu: alilia bila kuinamisha kichwa. Machozi yalimtiririka hali uso umesimama wima, na hilo nalo tuliliona kuwa ni ukaidi.

Siku ya pili mama yake alikuja shuleni. Tulimwamkia, akaitikia, akakataa kiti.

“Mwalimu,” alisema, “mwanangu hakukudharau. Shingo yake haigeuki tangu alipoanguka na debe, siku ile ya mvua, kwenye mteremko.”

Tulimwuliza kwa nini mtoto hakusema. Alitutazama kwa muda, kisha akajibu:

“Alisema atachapwa kwa kumwaga maji ya walimu.”

Lile debe lilikuwa likija nyumbani kwetu. Hatukuwa na la kusema, wala leo hatunalo. Mtoto alipelekwa hospitali ya Murgwanza, akavishwa kola ya shingo, akakatazwa kubeba kitu kichwani kwa miezi mitatu. Shingo ilirudi kwa sehemu kubwa, si yote. Tangu mwaka ule kila tunapokabidhiwa darasa jipya jambo la kwanza tunalotaka kulijua, kabla ya majina, ni nani anaona, nani anasikia, na nani anageuka.

Sasa tuitazame shingo yenyewe. Ina pingili 7 za mifupa, na watoto hufurahi sana wakiambiwa kwamba twiga naye anazo 7, ila zake ni ndefu. Juu yake hukaa kichwa chenye uzito wa kilo 4 hadi 5 kwa mtu mzima. Pingili mbili za juu kabisa hazifanani na nyingine: ya kwanza ni kama pete inayokibeba kichwa, na ya pili ina kijino kinachosimama ndani ya pete ile, nayo pete hukizunguka kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Karibu nusu ya kugeuka kwetu kote kulia na kushoto hufanyika hapo. Tena, ndani ya matundu yaliyo pembeni mwa pingili za shingo hupita mishipa miwili ya damu iendayo kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo, na katikati hupita uti wa mgongo wenyewe. Mwanachuo ayakumbuke mambo haya mawili. Tutayahitaji tutakapofika kwenye habari ya kunyoosha.

Zana tunayoitumia darasani ni rahisi. Msugue ukuta uwe safi, kisha mchore sakafuni kwa chaki nusu duara kubwa, ukuta ukiwa ndio kipenyo chake. Kwa kipimapembe cha ubaoni tieni alama: 0 iwe mbele, mkabala na ukuta, na 90 iwe kila upande kando ya ukuta. Mtoto avae kofia ya karatasi ya manila yenye unyasi mrefu uliochomoza mbele juu ya pua, na kwenye ncha ya unyasi kufungwe uzi wenye kijiwe, kama timazi ya mwashi. Asimame na kugusisha mgongo na mabega yote mawili ukutani. Mwenzake amtazame mabega yasibanduke. Kisha ageuze kichwa taratibu hadi anapoweza mwenyewe, na kijiwe kitaonyesha nyuzi sakafuni. Mtoto mwenye shingo nzima hufika karibu na 80 kila upande. Hitilafu ya nyuzi tano au kumi si kitu, kwa sababu chombo chetu si cha hospitali. Linalotafutwa ni upande mmoja kupungukiwa sana na mwingine.

Mienendo mingine haihitaji kofia. Kuinama: kidevu kiguse kifua au kibakize nafasi ya kidole kimoja au viwili. Kutazama juu: uso uelekee dari. Kulaza sikio upande wa bega: kichwa kifike kama nusu ya njia, bila bega kupanda kulifuata sikio. Watoto wadanganyifu, nao ni wengi na ni wapenzi wetu, hulipandisha bega.

Masharti hayana mjadala. Asiyeweza aache papo hapo. Mtu yeyote asimsukume mwenzake kwa mkono, hata kwa mzaha; mwalimu akiona mkono umekwenda kichwani mwa mwingine asimamishe somo. Kichwa kisizungushwe mduara. Mtoto aliyeanguka karibuni asipimwe kabisa bali apelekwe zahanati. Na mtoto mwenye homa asiyeweza kuinamisha kidevu kifuani hapimwi nyuzi: huyo hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, maana inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Vivyo hivyo kwa yule ambaye taya limekaza pamoja na shingo, kwa hofu ya pepopunda.

Mwanachuo mmoja alituuliza katika majadiliano: je, tukigundua mtoto ana upungufu, mbele ya wenzake arobaini, hatutakuwa tumemwaibisha kama ninyi mlivyomwaibisha yule wa Ngara? Swali lilikuwa la haki, na tangu siku hiyo tumebadili utaratibu. Watoto hujipima wawili wawili, na kila mmoja huandika nyuzi zake katika daftari lake. Mwalimu huyaona madaftari jioni. Ubaoni haandikwi mtu jina. Hesabu ya wastani wa darasa huweza kufanywa kutokana na vikaratasi visivyo na majina, na hapo somo la afya likawa limeingia katika hisabati bila kulazimishwa.

Kuhusu mizigo ya kichwani tungependa mwanachuo asiwe mwepesi wa kulaani desturi. Mwaka 1986 wataalamu waliochunguza wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu nchini Kenya walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: wanawake wale, waliozoea tangu utotoni, waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Kubeba kichwani basi ni ustadi, nao una adabu zake: kata iliyosokotwa vizuri, ambayo jirani zetu wa Burundi huiita ingata, macho mbele, hatua laini. Tuliuona ustadi huo kwa wingi wa kutisha siku za mwisho za Aprili 1994, wakati takribani watu robo milioni walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi na kujaa Benaco. Magodoro, sufuria, magunia ya maharagwe, vyote vilikwenda juu ya vichwa, na chini ya vichwa hivyo zilikuwamo shingo za watoto wa umri wa darasa la pili.

Lakini fanyeni hesabu pamoja na darasa. Asilimia 20 ya mtoto mwenye kilo 30 ni kilo 6. Debe la maji ni lita 18 hivi, yaani kilo 18, mbali na bati lenyewe; hiyo ni asilimia 60. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kutoka jimbo la Limpopo, Afrika ya Kusini, nao uliyahusisha maumivu ya shingo na kubeba maji kichwani. Mwalimu hana mamlaka ya kuleta bomba kijijini, ila ana mamlaka juu ya zamu ya maji ya shule. Anaweza kuagiza kidumu cha lita 5. Sisi tulikuwa nayo mamlaka hayo mwaka 1979 tusiyatumie.

Tumalize habari ya mtoto, tuingie katika habari ya mwalimu.

Mwaka 1991 tulikuwa tumehamia Biharamulo. Tulifundisha mikondo miwili, na usiku tulisahihisha madaftari zaidi ya mia kwenye meza fupi, taa ya kandili ikiwa kushoto, kichwa kikiwa kimeinama kulia ili kivuli kisianguke kwenye kurasa. Hakuna aliyetuambia, wala hatukujiuliza. Siku moja tulikuwa tukienda kwa baiskeli kwenye barabara kuu ya Lusahunga. Tulisikia lori nyuma yetu, tukataka kutazama, kichwa kikagoma. Tulilazimika kugeuza mabega. Usukani ukafuata mabega, na baiskeli ikaingia katikati ya barabara. Dereva alipiga honi ndefu akatukwepa, nasi tukaanguka ukingoni kwenye nyasi. Tulipokuwa tumelala pale tulimkumbuka msichana wa Ngara, aliyekuwa akigeuka bega kwanza.

Usiku ule tulijipima. Njia ya nyumbani haihitaji hata kofia. Kaa kwenye kiti kilekile, mahali palepale, mgongo umeegemea, mtu akutazame mabega. Geuza kichwa hadi mwisho wako usio na maumivu, kisha mtu atie alama ya chaki ukutani pale pua inapoelekea. Tunasema pua, si macho, kwa kuwa macho hukimbia mbele ya shingo na kumdanganya mwenyewe. Pima saa ileile kila mara, kwani shingo ya asubuhi ni ngumu kuliko ya mchana. Wala mtu wa miaka 60 asijilinganishe na kijana wa 20. Shingo hupungua mwendo kwa umri kama magoti yapungukiwavyo. Sisi kushoto tulifika kama nyuzi 70. Kulia hatukufika 40. (Mhariri atatuwia radhi kwa kusema “sisi” hata pale shingo inapokuwa moja tu.)

Watu wakaanza kushauri. Mzee mmoja mkandaji, mtu mwema, alikuja na samli akaikanda misuli ya bega kwa upole, na kwa hakika tulilala vizuri. Alipotaka kukishika kidevu ili aialishe shingo tulimwomba asamehe. Mwalimu mwenzetu akatupeleka kwa kinyozi wa mjini, ambaye baada ya kunyoa hukizungusha kichwa cha mteja kwa ghafla hadi kisikike kikilia ko! Tulikaa foleni, tukatazama vichwa viwili vikifanyiwa hivyo, tukaondoka kabla ya zamu yetu kufika.

Kisha ikaja barua ya shemeji yetu aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Aliandika kwamba huko kuna matabibu wa kairopraktiki, wasomi, si vinyozi, na kwamba bosi wake alitibiwa shingo akapona. Alitualika twende, nauli atasaidia. Jambo hili lilitushughulisha sana, na kwa vile siku hizi wanachuo wengi hulisikia redioni na kuliona kwenye simu, tunaona ni vyema kulieleza kwa kirefu kidogo.

Kairopraktiki ilianzishwa Marekani na Daniel David Palmer, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, mwezi Septemba 1895. Jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkono na utendaji. Palmer alidai kwamba magonjwa karibu yote hutokana na pingili za mgongo zilizohama mahali pake na kubana neva. Dai hilo halikuthibitika, na wengi wa wafuasi wa kazi hiyo leo hawalishiki tena kwa namna ile. Mlio unaosikika si wa mfupa unaorudi mahali pake, bali ni wa hewa ndani ya ute wa kiungo, kama vidole vinapoalishwa. Hata hivyo si haki kuitupa kazi yote kwa sababu ya maneno ya mwanzilishi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya mafunzo na usalama wa kairopraktiki, na ndani yake imeorodheshwa hali ambazo shingo haipaswi kunyooshwa kamwe. Na mwaka 2012 yalichapishwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa watu 272 wenye maumivu ya shingo, ambao waligawanywa makundi matatu: wa kunyooshwa, wa dawa, na wa mazoezi ya nyumbani waliyofundishwa kwa vipindi viwili tu. Baada ya wiki 12 walionyooshwa walikuwa na nafuu kuliko wa dawa. Lakini wale wa mazoezi ya nyumbani walikuwa na nafuu karibu sawasawa na walionyooshwa.

Hatukuwa na habari hizo mwaka 1991. Tulichokuwa nacho ni ile mishipa miwili ya damu tuliyoichora ubaoni miaka kumi na zaidi. Shingo ikizungushwa kwa nguvu na kwa ghafla mshipa waweza kuchanika ndani, damu ikaganda, na mtu akapatwa na kiharusi. Hutokea kwa nadra sana hata mikononi mwa wasomi, na ni vigumu kujua mara zote kama ni mkono uliosababisha au mshipa ulikuwa umekwisha kuchanika nao ndio ulioleta maumivu. Lakini nadra si kamwe, na kinyozi hajui kuuliza maswali ambayo tabibu angeuliza kwanza: Je, mikono inakufa ganzi? Vitu vinakudondoka? Unayumba ukitembea? Unapatwa na kizunguzungu, unaona viwili viwili, unashindwa kumeza au kutamka? Ulianguka? Unapungua uzito na kutoka jasho usiku, kama wenye kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo? Lolote kati ya hayo likiwapo, shingo haiguswi na mnyooshaji yeyote mpaka hospitali iseme.

Tulimjibu shemeji kwa shukrani, tukamwomba atungojee. Tulikwenda kwanza hospitalini Biharamulo. Tabibu alitugonga viwiko kwa kinyundo, akatushikisha vidole vyake tuvibane, akatutembeza mstari mmoja kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mbele. Hakuona dalili ya neva kubanwa. Alituandikia barua ya kwenda Mwanza kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Safari ilikuwa ya lori hadi Geita, kisha kivuko cha Busisi, ambacho msafiri wa leo hakihitaji tena tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2025, na tulipofika shingo ilikuwa mbaya kuliko tulipoondoka. Yule mtaalamu, mama wa makamo, hakutunyoosha chochote. Alituuliza taa yetu hukaa upande gani.

Akatufundisha kurudisha kidevu nyuma kama mtu anayejitengenezea kidevu cha pili, mara kumi, kutwa mara tatu. Kugeuka taratibu hadi mwisho usiouma na kungoja hapo pumzi tano. Na kuweka madaftari juu ya sanduku ili yapande machoni badala ya macho kuyashukia. Taa tuihamishe kila wiki. Tulimwuliza habari ya Nairobi. Alisema: “Mwalimu, fanya haya wiki sita. Usipopata nafuu, nenda, ila mwulize kwanza atakufanyia nini, na umwambie hutaki kuzungushwa kwa ghafla. Akiudhika, rudi nyumbani.”

Hatukwenda Nairobi. Hatusemi kwamba aliyekwenda alikosea. Bosi wa shemeji alipona, na hilo tunaliamini. Sisi baada ya wiki sita tulifika nyuzi 55 upande wa kulia, na baada ya mwaka 65. Hatukuvuka hapo. Katika baiskeli tulifunga kioo kidogo kwenye usukani, jambo ambalo wanafunzi walilicheka mpaka wakazoea.

Yule msichana tulikutana naye tena mwaka 2003, sokoni Rulenge. Alikuwa mama wa watoto wanne. Tulimwita kutoka upande wake wa kushoto, tukasahau. Aligeuka bega kwanza, akatuona, akacheka.

“Shikamoo, mwalimu. Unaona bado?”

Tulimwomba radhi pale pale, kati ya ndizi na mihogo, miaka 24 ikiwa imekwisha kupita. Alisema yamekwisha. Kisha akatuambia kwamba binti yake wa kwanza yuko darasa la nne, na akatuuliza kama shule ile ingali inapeleka watoto bondeni. Tulimwambia kwamba ingali inawapeleka, kwa madumu ya lita 5. Akauliza tena kama tuna hakika ni ya lita 5. Jumatatu yake tulisafiri hadi pale tukayahesabu. Matatu yalikuwa ya 20.